Mboji yako imeiva au imelala? Iulize fimbo

UKISAFIRI kwa barabara itokayo mjini Embu kuelekea Meru, ukapitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, tupa macho nyuma ya nyumba zilizo kando ya njia. Mbali na kahawa, migomba na mibariti iliyopandwa mipakani, utaona rundo la takataka karibu na zizi la ng'ombe. Ndani yake mna mabua ya mahindi, masalio ya nyasi za nepia, majani ya migomba na samadi. Ukimuuliza mwenyewe atakuambia kuwa hiyo ni mbolea. Je, ni mbolea kweli, au ni takataka zinazongojea kugeuka mbolea?

Swali hilo si la mzaha. Mboji ambayo haijaiva ikitiwa shambani huleta hasara badala ya faida. Viumbe vidogo vinavyoendelea kuozesha mabua hayo hutumia naitrojeni ya udongo, nayo mahindi machanga hubaki na njaa na kugeuka manjano. Mbegu za magugu ambazo hazikuchomwa na joto la rundo huota pamoja na maharagwe yako. Mabuu meupe yanayokula mizizi nayo hupata pa kujificha. Mkulima hulaumu mvua, hulaumu mbegu, hata humlaumu jirani, kumbe kosa lilianzia kwenye rundo.

Wengi wetu tunaoishi Nairobi, Nakuru au Mombasa tuna wazazi au ndugu wanaolima katika sehemu hizo za Mlima Kenya, na mbolea ikiwashinda huko nyumbani simu hutujia sisi huku mjini. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia uliuzwa kwa zaidi ya Sh6,000 katika maduka mengi nchini. Serikali ilileta mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 mwaka huo, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Halafu mwaka 2024 ikabainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouziwa wakulima kupitia mpango huo haikuwa imetimiza viwango vya ubora. Mtu aliyepatwa na mkasa kama huo hana budi kuitazama upya mbolea anayoweza kujitengenezea mwenyewe.

Hata hivyo, mboji nayo yaweza kuwa duni, na hakuna afisa wa viwango atakayekuja kuipima nyuma ya zizi. Kazi hiyo ni yako. Habari njema ni kwamba vifaa vya kuifanya vimo nyumbani: fimbo, mshumaa, kipande cha nta, makopo mawili, uzi na daftari.

Rundo ni jiko

Kwanza tuelewe kinachotendeka ndani. Rundo lililojengwa vizuri ni kama jiko lililowashwa. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hula majani na samadi, na vinapokula hutoa joto. Katika siku chache za mwanzo joto hupanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi. Likidumu juu ya nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi, mbegu nyingi za magugu na viini vingi vya magonjwa hufa. Likipita nyuzi 70, hata vile viumbe vinavyotufanyia kazi huanza kufa, na rundo huungua badala ya kuiva.

Ili jiko hili liwake linahitaji mambo manne. Linahitaji chakula kilichochanganywa, yaani vitu vikavu kama mabua na vibichi kama majani mabichi na samadi. Linahitaji maji, nusu ya uzito wake au zaidi kidogo. Linahitaji hewa. Na linahitaji ukubwa wa kutosha: mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu, au zaidi. Rundo dogo kuliko hapo hupoteza joto upesi kuliko linavyolitengeneza.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Mwingereza Albert Howard aliufanyia utafiti mjini Indore, India, na mwaka 1931 yeye na mwenzake Yeshwant Wad wakatoa kitabu juu yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, mbinu hiyo ilikuwa imeanza kutumiwa katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu. Tangu 1986 taasisi ya kilimo hai nchini, KIOF, imekuwa ikifundisha wakulima wadogo kutengeneza mboji. Na huko Chuka, ambako zamani kulikuwa sehemu ya Meru na leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi, taasisi ya FiBL ya Uswisi na icipe ya Nairobi zimekuwa zikilinganisha kilimo hai na kilimo cha mbolea za dukani tangu 2007. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa mahindi ya kilimo hai yaweza kuzaa sawa na yale mengine, mradi shamba lipewe mboji na virutubishi vya kutosha.

Kwa hivyo mboji inafaa. Kinachowashinda wengi ni kujua hali yake ikiwa bado rundoni.

Fimbo ya kuuliza

Kifaa cha kwanza ndicho kikongwe zaidi, na kila mwalimu wa kilimo hai nchini anakijua. Tafuta fimbo kavu, ngumu na iliyonyooka, yenye unene wa kidole gumba na urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Ichonge ncha. Ukimaliza kujenga rundo, idunge kutoka juu kwenda chini kwa mshazari, hadi ipenye katikati kabisa. Iache humo.

Baada ya siku tatu ichomoe na kuishika mara moja sehemu iliyokuwa ndani. Anza kwa kuigusa kidogo kwa vidole, maana yaweza kukuchoma. Halafu isome hivi:

Ikiwa ni moto na ina unyevunyevu, rundo linakwenda vyema. Irudishe na uondoke.

Ikiwa ni moto lakini kavu, au ina ukungu mweupe kama majivu, rundo lina kiu. Lifungue, ulinyunyizie maji tabaka kwa tabaka, kisha ulifunike.

Ikiwa ni baridi na imelowa chepechepe, hewa haipiti. Lipindue rundo na uchanganye na vitu vikavu kama mabua yaliyokatwakatwa.

Ikiwa ni baridi na kavu, jiko halijawaka kabisa. Lipindue, ongeza samadi au majani mabichi, na utie maji.

Endelea kuikagua kila baada ya siku mbili au tatu. Joto likianza kushuka baada ya wiki mbili au tatu, usidhani kazi imekwisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba hewa imepungua. Pindua rundo, vilivyokuwa nje viingie ndani, na utaona fimbo inapata moto tena. Likipinduliwa mara mbili au tatu hivi, joto likashuka na kukataa kupanda ingawa unyevu upo, hapo ndipo mboji inapoelekea kuiva.

Mshumaa na nta ya nyuki

Fimbo ina upungufu mmoja. Mkono wa binadamu huanza kuhisi maumivu kwenye nyuzi 45 hadi 50. Kwa hivyo fimbo ya nyuzi 52 na ya nyuzi 68 zote mkono utasema "moto!", ilhali moja haijafikia kiwango cha kuua mbegu za magugu na nyingine inakaribia kuunguza rundo.

Wengine hukimbilia kipimajoto cha kupimia homa. Usithubutu. Kile huishia kwenye nyuzi 42 hivi, na kama ni cha kioo chenye zebaki kitapasuka na kumwaga sumu ndani ya mbolea utakayotilia mboga.

Badala yake, tafuta vichupa viwili vidogo vya dawa vya kioo, vyenye vifuniko vya kukaza. Katika kimoja tia vipande vidogo vya mshumaa wa kawaida, vidogo kama punje za mahindi. Katika cha pili tia vipande vya nta ya nyuki. Wanaotoka Mbeere na Tharaka hawahitaji kuambiwa wataipata wapi, maana asali ni mali ya jadi huko. Funga vichupa hivyo kwa waya kwenye ncha ya fimbo ya pili, toboa njia kwa fimbo ya kwanza, kisha uvitumbukize hadi katikati ya rundo. Vitoe kesho yake.

Siri yake ni hii. Mishumaa mingi ya dukani huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, na mingi yake huwa kwenye 55 au karibu na hapo. Nta safi ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Vipande vilivyoyeyuka hushikana na kuwa donge moja, hata kama rundo limepoa kabla hujafika. Kwa hivyo vichupa vina kumbukumbu, jambo ambalo fimbo haina. Anayeishi mjini na kwenda nyumbani mwisho wa wiki anaweza kujua kilichotokea akiwa hayupo.

Sasa soma vichupa vyako. Ikiwa vipande vyote bado viko vilevile, rundo halijafika penye kuua magugu. Ikiwa mshumaa umeyeyuka na nta haijayeyuka, uko pale hasa unapotaka kuwa. Ikiwa vyote viwili vimeyeyuka, joto limepita nyuzi 62. Kagua unyevu siku hiyohiyo, na ikiwa fimbo ni kavu, lipindue rundo na kulitia maji kabla halijaungua.

Kabla ya kuutegemea mshumaa wako, ujaribu. Pasha sufuria, umimine kikombe kimoja cha maji yanayotokota na kikombe kimoja cha maji baridi ya mfereji. Katika miinuko ya Embu na Meru maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama ilivyo pwani. Yakichanganywa nusu kwa nusu na maji baridi ya nyuzi 20, utapata nyuzi 55 au zaidi kidogo. Tumbukiza kichupa humo, funika sufuria na ungoje dakika chache. Mshumaa ukilegea na kushikana, unafaa. Ukikataa, ni wa aina ngumu, tafuta mwingine. Kazi ya jiko na maji ya moto ifanywe na mtu mzima, watoto wakitazama.

Makopo mawili na maji

Kipimo cha pili muhimu ni unyevu. Njia ya haraka ni ngumi. Chota mboji kutoka ndani ya rundo, si juu, na uifinye kwa nguvu zote. Yakichuruzika maji, imelowa kupita kiasi. Yakitoka matone mawili matatu tu kati ya vidole na donge likabaki limeshikana, ni sawa. Donge likivunjika na kuwa vumbi mara ufunguapo mkono, ni kavu.

Lakini ngumi ya baba si ngumi ya mtoto. Mkitaka jibu lisilo na ubishi, tengenezeni mizani. Chukua ubao mwembamba wa urefu wa mita moja, utoboe katikati kabisa na uuning'inize kwa uzi. Kila upande, kwa umbali sawa kutoka katikati, ning'iniza kopo tupu. Makopo yawe ya aina moja, kama yale ya kilo moja ya mafuta ya kupikia. Ubao ukiinama upande mmoja, sogeza uzi wa kopo kidogo kidogo hadi ulale sawa, kisha weka alama ili uzi usihame.

Jaza kopo la kwanza mboji iliyotoka rundoni. Katika kopo la pili mimina maji polepole hadi ubao ulale sawa. Maji hayo sasa yana uzito sawa na mboji. Yaache humohumo. Toa mboji yote, uitandaze kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa yaliyofifia, na uikoroge hadi ikauke kabisa bila kuungua. Ikipoa irudishe katika kopo lake. Utaona upande wa maji umelemea. Chota maji kutoka kopo la pili na kuyatia katika glasi, hadi mizani isawazike tena.

Umeona kilichotokea? Maji yaliyomo katika glasi ni sawa kabisa na maji yaliyokuwa ndani ya mboji. Tia yale yaliyobaki koponi katika glasi nyingine inayofanana na ya kwanza, kisha ulinganishe. Ikiwa glasi ya kwanza ni sawa na ya pili, au imeizidi kidogo, unyevu wa rundo ni mzuri. Ikiwa ni ndogo kwa mbali, rundo lina kiu. Ikiwa imeizidi mara mbili au zaidi, limezama.

Anayependa hesabu atumie kijiko cha chai chenye ujazo wa mililita tano. Tuseme maji ya mwanzo yalikuwa mililita 400, na uliyochota ni 220. Gawanya 220 kwa 400, utapata asilimia 55. Hapo hasa ndipo panapotakiwa, kati ya asilimia 50 na 60.

Pua na kijiti cha urefu

Usidharau pua yako. Rundo lenye afya hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Likinuka kama mkojo wa zizini, naitrojeni inatoroka hewani, na hiyo ni mali yako inayopotea. Ongeza vitu vikavu, mabua au majani makavu. Likinuka kama yai bovu, hewa haimo. Lipindue.

Harufu ya yai bovu huwasumbua sana wanaotumia maganda ya kahawa kutoka viwanda vya vyama vya ushirika. Maganda hayo ni chakula kizuri cha rundo, lakini yakimwagwa peke yake hushikana kama uji na kuziba hewa. Yachanganye na mabua, matawi membamba ya miraa yaliyotupwa, au majani makavu ya migomba. Majani ya mibariti nayo ni magumu na huoza polepole, kwa hivyo yakatekate na usiyafanye kuwa nusu ya rundo.

Kifaa kingine ni kijiti kilichotiwa alama kila sentimita kumi, ukakisimika kando ya rundo. Kadiri mboji inavyoiva ndivyo rundo linavyobonyea, mara nyingi hadi nusu ya kimo chake cha mwanzo. Kimo kikikataa kushuka wiki baada ya wiki na fimbo nayo ni baridi, rundo limelala.

Juu mlimani na chini Mbeere

Msomaji, usinakili mbinu ya jirani bila kutazama mahali ulipo. Kule Kianjokoma, na sehemu za juu za Imenti Kusini kwenye majani chai, mvua ni nyingi na usiku ni baridi. Huko rundo lijengwe juu ya ardhi, sakafu yake iwe ya matawi ili maji yapite, na lifunikwe kwa majani ya migomba au nyasi. Adui ni maji kupita kiasi, na fimbo itakuonya kwa kutoka baridi na chepechepe. Yaweza kuchukua miezi minne kuiva.

Ukiteremka Siakago, Ishiara au Marimanti, mambo hubadilika. Jua hukausha rundo katika siku chache, na maji yenyewe ni ya kutafutwa. Huko wengi huchimba shimo la kina kifupi, wakatengeneza mboji ndani yake chini ya kivuli cha mti, na kuitumia vyema maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Adui ni ukavu, na ule ukungu mweupe kwenye fimbo ndio kengele ya hatari.

Je, imeiva?

Mtihani wa mwisho una sehemu mbili. Kwanza, jaza nusu chupa ya kioo kwa mboji yenye unyevu, kaza kifuniko, uiweke ndani ya nyumba kwa siku tatu. Ifungue na unuse. Ikitoa harufu ya udongo, imeiva. Ikitoa harufu mbaya, bado inaoza.

Pili, chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. La kwanza lijaze udongo wa kawaida, na la pili udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mboji yako. Panda mbegu kumi za sukuma wiki au nyanya katika kila moja, uyamwagilie maji sawa, uyaweke mahali pamoja. Baada ya siku kumi hesabu. Miche ya kopo la mboji ikiwa michache kuliko ile nyingine, au ikiwa ya manjano na yenye mizizi iliyoungua, mboji hiyo ingefanya vivyo hivyo shambani. Iache wiki tatu zaidi na ujaribu tena.

Ni afadhali kupoteza mbegu kumi koponi kuliko kupoteza msimu mzima.

Daftari ndiyo mkuu wa vifaa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la mazoezi la mwanao, andika tarehe, hali ya fimbo, hali ya mshumaa na nta, ngumi, harufu, kimo, na ulichofanya siku hiyo. Mistari miwili yatosha. Mwaka ujao utajua ni mchanganyiko gani ulioiva upesi na ni upi uliokusumbua. Bila maandishi utarudia kosa lilelile kila mwaka na kuliita bahati mbaya.

Wanafunzi nao wana nafasi nzuri hapa. Vilabu vya 4-K, vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021, na maonyesho ya sayansi na uhandisi hupenda miradi ya namna hii. Jengeni marundo mawili yanayolingana ukubwa siku moja, moja lenye samadi ya ng'ombe na moja lenye ya mbuzi. Lipindueni kila moja kwa siku sawa, mlipime kwa vifaa vilevile, na badilisheni jambo moja tu kwa wakati. Mwamuzi atakayewauliza mmejuaje, mtamwonyesha daftari.

Na anayeishi katika nyumba ya kupanga mjini, mwenye ndoo au gunia tu la maganda ya viazi na mboga? Huyo asitarajie mshumaa kuyeyuka. Chombo kidogo hakiwezi kulinda joto. Atumie ngumi, pua, chupa na makopo ya mbegu, asitie mimea yenye magonjwa wala mbegu za magugu, na asubiri muda mrefu zaidi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, kwa hivyo ndoo hiyo tayari ina kazi.

Hesabu siku zako

Katika sehemu hizi kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Hesabu kutoka mvua kurudi nyuma. Rundo linalotakiwa shambani mapema Oktoba lijengwe kufikia mwanzo wa Julai, na huko juu penye baridi lijengwe Juni. La mvua za Machi lianze Novemba au mwanzo wa Desemba, mabua na majani mabichi yanapokuwa tele. Likizo ya Agosti watoto wakienda kwa nyanya, wape kazi ya kuchomoa fimbo kila baada ya siku tatu na kumsomea matokeo. Yeye anajua samadi, wao wanajua kuandika namba, na kila upande utajifunza kitu.

Mambo machache ya usalama. Vaa viatu vya mpira unapopindua rundo, maana nyoka hupenda joto lake. Jihadhari na mvuke unaotoka unapolifungua. Lilowanishe kidogo kama lina vumbi, ili usivute ukungu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na usitie rundoni migomba, nyanya au viazi vilivyokufa kwa mnyauko, hata kama vichupa vyako vinaonyesha joto zuri, kwa sababu pembeni mwa rundo daima ni baridi kuliko katikati.

Kwa hivyo, ukipiga simu nyumbani jioni ya leo na kuulizwa kama utatuma pesa za mbolea, jibu kwa swali jingine kwanza. Uliza fimbo ilitoka vipi rundoni. Kama hakuna fimbo iliyodungwa, umejua pa kuanzia.